Maroboti ya makopo ya Mbauda: tumeshanunua vitu vya aina tano, haya ndo maoni yangu

Ukiigeuza hii roboti mgongo ukafungua zile skrubu mbili, ndani kwenye ukuta wa tumbo unakuta maandishi ya kopo la maziwa ya unga, yale maelekezo ya uweke vijiko vingapi kwenye glasi ya maji, yamekaa kichwa chini miguu juu. Fundi hakuyakwangua wala hakuyapaka rangi. Mwanangu aliyaona siku ya pili akaja mbio jikoni, "mama! hii roboti ilikuwa NIDO!" na furaha aliyokuwa nayo sjaiona kwenye mdoli mwingine wowote niliowahi kumnunulia, kwaiyo nimekaa chini niandike vizuri maana watu wengi wa hapa Chuga, yani Arusha, hawajui kama huyu fundi yupo, na anastahili kujulikana.

Nianze mwanzo. Kijana wangu ana miaka saba, yuko la pili, na toka mwaka jana akili yake yote iko angani. Katuni ni za roketi, maswali ni ya sayari, mara mama Mars kuna maji, mara mama ukitupa jiwe huko juu linaangukia wapi. Besdei yake nikamnunulia roboti ya plastiki dukani mjini, elfu thelathini na tano, inaimba, inawaka taa, inatembea. Siku nne tu. Ya tano ikanyamaza kimya. Nikachukua bisibisi nikaitafuta skrubu sikuona hata moja, imegandishwa kwa gundi kuzunguka kote, nikairudisha pale dukani wakaniambia mama hiyo imeshakufa hatupokei. Hela iliniuma, sio siri, ila kilichoniuma zaidi ni mtoto kuniuliza "ndani kuna nini?" na mimi sina jibu. Tukaja kuivunja kwa nyundo nyuma ya nyumba na tulichokuta ni kijisakiti kidogo kama kucha, juu yake wamedondoshea tone jeusi la gundi ngumu, huoni chochote, huelewi chochote. Akaangalia akaangalia akaondoka zake.

Shosti wangu wa kazini ndo akaniambia, wewe nenda Mbauda kuna mzee anatengeneza maroboti ya makopo, nenda ukajionee.

Kufika sio kazi. Panda kifodi kinachopita Mbauda, shuka sokoni, ingia upande wa mafundi bati, wale wanaogonga majiko na masanduku ya shule, fuata kelele za nyundo mpaka zianze kupungua, hapo angalia mlango wenye setilaiti inayoning'inia kwa waya wa kufungia nondo. Hakuna bango, hakuna jina, wenzake pale wanamwita fundi tu, na ukiuliza "yule wa maroboti" hata mtoto mdogo anakupeleka. Jumapili hayupo. Jumamosi mchana ndo pazuri zaidi kwa sababu mpwa wake anakuwepo pia na yeye ndo anafanya mambo ya mbao.

Tuliingia nikamwamkia, "shikamoo mzee", akaitika marahaba bila kuinua macho maana alikuwa anachomelea jicho la roboti, alafu mtoto naye akaamkia, hapo ndo akaweka kila kitu chini. "Marahaba chalii angu. Umekuja kuangalia au umekuja kufungua?" Yani hilo ndo swali lake la kwanza kwa kila mtoto. Ana kibeseni pale cha vitu vilivyokufa, redio, rimoti, simu za kubonyeza, tochi, anakupa bisibisi unafungua wakati mzazi anachagua. Mwanangu alikaa kwenye hicho kibeseni saa nzima na nusu, nikawa na mda wa kuuliza maswali yangu yote.

Huyu mzee zamani alikuwa fundi redio na TV za kichogo. Flati zilivyoingia kazi ikakatika, akabaki na magunia ya mota, spika, waya na taa. Na ujana wake wote, anasema, aliumalizia kibanda umiza, zile muvi za maroboti na vyombo vya angani na viumbe wa sayari nyingine, Lufufu anatafsiri humo watu wanacheka mpaka benchi linavunjika. Sasa kuna kitu kwenye zile muvi kilikuwa kinamkera. Vyombo vingi vinang'aa, vimenyooka, hakuna mahali utaona pamechomelewa au pamebadilishwa bati. Akawa anajiuliza, hivi hivi vikipata pancha huko mbali nani anaviziba? Fundi wao yuko wapi? Ndo akaanza kutengeneza vya kwake, na vya kwake vina viraka. Kila chombo ukikiangalia kina kiraka mahali, kibati cha rangi nyingine kimepigwa ribiti nne, na ukimuuliza anakupa historia yake, hapa kiligongwa na kimondo, hapa mlango uliliwa na kutu maana kilitua kwenye sayari yenye mvua ya chumvi. Mimi ni mtu mzima nina mambo yangu mengi kichwani ila nilisimama pale nikasikiliza historia ya kiraka kimoja mpaka mwisho, alafu nikauliza cha pili.

Tuje kwenye vitu vyenyewe.

Roboti ndo kazi yake kubwa. Anachukua kopo la maziwa, anakata kwa mkasi wa bati, ananyoosha kwa nyundo ya mbao, alafu anakunja KINYUME, ule upande wa ndani unaong'aa unakuwa nje na maandishi yanaingia ndani. Ndo maana roboti inang'aa kama fedha bila tone la rangi. Kichwa ni kopo dogo la tomato, macho ni taa za tochi ya Kichina, mikono ni spoku za baiskeli zenye viungo vya visoda, kifuani kuna kioo cha saa ya mkononi na nyuma yake mshale unaocheza roboti ikitembea. Miguu inaendeshwa na mota iliyotolewa kwenye deki ya DVD, ile inayofungua na kufunga mlango wa kuwekea sidii, na hiyo mota haina haraka, kwaiyo roboti inatembea polepole kwa heshima kama mzee anatoka kanisani. Betri mbili za rimoti. Ukifungua mgongo unaona KILA KITU, waya mwekundu unatoka hapa unaenda pale, swichi, mota, gia mbili nyeupe. Mwanangu sasa hivi anaweza kukueleza ukikata waya gani macho yatazimika lakini miguu itaendelea, na kakaa nayo wiki tatu tu.

Kitu kingine nilichojifunza pale, makopo hayafanani. La maziwa ni chuma chenye ngozi nyembamba sana ya stani juu, ndo maana solda inashika vizuri na sumaku inalivuta. Kopo la soda au bia ni alumini, sumaku hailitaki, na solda inateleza juu yake kama maji kwenye jani la mgomba. Kwaiyo mwili na miguu vinatoka kwenye maziwa, mabawa na masikio yanatoka kwenye soda na hayo anayakunja au anayapiga ribiti. Alimpa mtoto kipande cha sumaku cha spika akamwambia zunguka humu kibandani uniambie kipi chuma kipi sio. Hiyo nayo ikala nusu saa. Sasa nyumbani ile sumaku inazunguka kila kitu, sufuria, friji, mlango wa geti, bati la jirani.

Njiani tukirudi akaniuliza, mama roboti ni Kiswahili? Nikamwambia hapana, ni neno la Wacheki, lilianzia kwenye mchezo wa kuigiza wa Karel Čapek wa mwaka 1920, likatoka kwenye neno lao robota ambalo maana yake ni kazi ya kulazimishwa, wazee wetu wangesema shokoa. Akakaa kimya mpaka tunakaribia soko la Kilombero, alafu akasema basi yake haitafanya kazi, itakaa tu. Na kweli, hiyo roboti haijawahi kutumwa kitu pale nyumbani, inakaa dirishani inaangalia nje.

Na kwa wale watakaosema aa makopo tu hayo, naomba mjue hivi. Vita kuu ya pili ilivyoisha mwaka 1945, Japani walikuwa hawana malighafi, mafundi wao wa midoli wakawa wanaokota makopo yaliyotupwa na askari wa Kimarekani, wanayanyoosha, wanatengeneza vijigari vya jipu, na baadhi ya midoli ya wakati ule ukichungulia ndani unaona bado rangi na herufi za kopo. Miaka ya 1950 Wajapani hao hao ndo walioijaza dunia maroboti ya bati, yale yenye kichwa cha boksi na taa kifuani, na ambayo yamebaki mpaka leo yakiwa mazima wakusanyaji wanayanunua kwa maelfu ya dola. Kwaiyo huyu mzee wa Mbauda yuko kwenye ukoo mkubwa kabisa. Nilimwambia hiyo habari akafurahi mno, akaniambia "unaona? bati ni bati", akaenda kumwambia jirani yake anayetengeneza majiko.

Setilaiti. Hii ndo niliyoinunua kwa ajili yangu mwenyewe na iko sebuleni kwangu, sio chumbani kwa mtoto. Ile inayoning'inia mlangoni kwake ina jina, inaitwa Uhuru, na sio jina alilobuni yeye. Tarehe 12 Disemba 1970, siku Kenya inatimiza miaka saba ya uhuru wake, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano linaloitwa San Marco, limesimama baharini hapo karibu na Malindi, na kwa heshima ya ile siku ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuangalia miale ya eksirei inayotoka angani. Ikaorodhesha vyanzo 339 vya eksirei huko juu, na kwa vile ilivyokichunguza kile kinachoitwa Cygnus X-1 ndo wanasayansi wakaanza kuamini kwamba pale kuna shimo jeusi, yani kitu chenye mvutano mkali ambao hata mwanga hauponyoki. Hivi mlikuwa mnajua? Mimi nilikuwa sijui. Nimesoma shule Tanzania hii hii, nimefika chuo, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuna setilaiti ilizaliwa na jina la Kiswahili ikaondokea Malindi, mpaka nimeisikia kwa fundi bati Mbauda.

Ya kwake ameitengeneza kwa kopo moja refu, na yale mabawa manne ya sola amekata kutoka kwenye sidii za zamani, kwaiyo jua likiingia asubuhi dirishani ukuta wangu wote unajaa vipande vya upinde wa mvua. Ile ya kweli ya angani ilikuwa inajizungusha polepole, dakika kama 12 mzunguko mmoja, ndo maana yeye anaitundika kwa uzi wa kushonea viatu na sio kwa waya, ili upepo kidogo tu uizungushe bila haraka. Mtoto alivyosikia habari ya Malindi aliuliza swali moja, "kwaiyo bibi alikuwa anaweza kuiona?" Bibi yake, mama yangu, 1970 alikuwa binti yuko Marangu. Tulimpigia simu. Hakuiona bwana, ila wakaongea wote wawili kuhusu nyota kwa mda mrefu mpaka salio likaisha.

Chombo cha angani cha mbao kinatengenezwa na mpwa wake, kijana mdogo, mkono wake umetulia sana. Mbao ni mgrevilea, ile miti ya kwenye mashamba ya kahawa, ina michirizi mizuri kama ngozi ya samaki, anaipiga msasa mpaka inakuwa laini alafu anaipaka mafuta tu. Kinasimama kwa miguu iliyopinda kama matao na nilivyokiona nikasema hiki nshakiona mahali, kumbe kaitoa kwenye Mnara wa Mwenge pale mjini! Yani amekaa pale raundi abauti akaangalia yale matao meupe akaona chombo kimetua. Sasa hivi kila nikipita pale na mtoto ananiambia mama bado hakijaondoka. Hiki ndo ghali kuliko vyote na kwa maoni yangu ndo kina thamani ya kila senti, mlango wake unafunguka kwa bawaba ya ngozi, ndani kuna viti vitatu na jiko. Jiko! Nilimuuliza kijana kwa nini jiko akashangaa swali langu, "safari ndefu hiyo dada, watakula nini?"

Wanaanga wa kitambaa wanashonwa na mama mmoja pale jirani anayefanya kazi za shanga, fundi anawauza kibandani kwake. Mwili kitenge kilichojazwa pamba, suti ni shuka nyekundu, na kwenye shingo ya ile helmeti kuna duara la shanga kama zile za kina mama wa Kimasai, inakaa vizuri ajabu, unaona kabisa kwamba lile duara lilikuwa linasubiri helmeti. Wengi ni wa kike. Mimi nilikumbuka Luteni Uhura wa Star Trek, ile tamthilia ya TV ya safari za angani, yule aliyeigizwa na Nichelle Nichols kuanzia 1966, ambaye jina lake walilitoa kwenye neno letu hili hili uhuru, nikanunua mmoja kwa ajili ya binti wa dada yangu. Kasoro yake moja, shanga za pembeni zimeshonwa kwa uzi mwembamba na mbili zilitoka wiki ya kwanza. Mtoto anayeweka vitu mdomoni asipewe kabisa huyu.

Wadudu wa Mars, hawa ni kichwa cha mswaki, mota ya vaibresheni ya simu iliyokufa, na betri ya kidonge. Ukiwasha inatetemeka, zile nywele za mswaki zinaisukuma mbele, inakimbia mezani kama mende amemwagiwa maji ya moto. Bei ndogo, furaha kubwa, watoto wa mtaa mzima wanakuja kwangu kushindanisha. Lakini hapa wazazi nisikilizeni vizuri sana. Betri ya kidonge mtoto akiimeza inaunguza koo, na inaweza kufanya madhara makubwa ndani ya masaa mawili tu, hiyo sio ya kusubiri kesho, ni hospitali hapo hapo. Wale wa mwanzo walikuwa na betri imeshikwa na utepe tu, nikamwambia mzee hii hapana, akanisikiliza bila kubisha, wiki iliyofuata akawa ameweka kifuniko cha bati chenye skrubu. Kwaiyo ukienda omba wenye kifuniko, na kama nyumbani kuna wa chini ya miaka mitano acha kabisa.

Roketi ya maji nitaisema haraka. Ni chupa ya soda, mabawa ya kandambili, kizibo chenye valvu ya tairi. Unajaza maji kama theluthi, unapampu kwa pampu ya baiskeli, hewa inasukuma maji chini na roketi inaenda juu. Tulijaribia kiwanja cha mpira, ikapita mti wa mjakaranda na bado ikaenda. Mtaloa. Simama mbali, usiinamie juu yake wakati unapampu.

Sasa kasoro, maana sitaki mtu aende akategemea kitu kama cha dukani.

Kingo. Bati limekunjwa vizuri sehemu nyingi ila chini ya mkono wa roboti yetu palikuwa na kona imeachwa, ikanichana kidole. Pitisha kidole chako wewe taratibu kabla hujampa mtoto, ukikuta mwambie, anakunja palepale kwa plaizi. Solda nayo, ile ya kawaida mafundi wetu wanayotumia ina madini ya risasi ndani, ile yenye 60 kwa 40 maana yake asilimia 40 ni risasi, na risasi sio kitu cha kuchezea kwenye mwili wa mtoto. Viungo vingi viko ndani ya tumbo kwaiyo havishikwi, ila nimemfundisha wangu kunawa mikono akishafungua, na nimemuomba fundi atafute ile isiyo na risasi. Akasema anaijua ni ghali na inataka moto mkali zaidi, atajaribu. Kwa sababu hiyo pia mimi siwezi kumpendekezea mtu mwenye mtoto wa miaka miwili mitatu kitu chochote cha bati pale, huyo mnunulie chombo cha mbao bila lile jiko la ndani na sufuria zake.

Mda. Uwiii mda. Ukimwagiza kitu ahadi yake zidisha mara mbili. Setilaiti aliniambia Jumamosi, nikaipata Jumamosi ya tatu. Ana mikono miwili na hataki kuharakisha, na nikiangalia zile ribiti zilivyopangwa sawasawa sioni nimlaumu vipi, ila kama ni zawadi ya siku maalumu agiza mwezi mzima kabla. Hakuna boksi, anakufungia kwenye gazeti na kamba. Pia msimuombe akutengenezee yule roboti wa muvi fulani au katuni fulani, hafanyi, nilishuhudia kaka mmoja kaja na picha kwenye simu, mzee akaiangalia kwa adabu akamrudishia akamwambia "huyu ameshatengenezwa".

Bei nilizolipa mimi, roboti ya kopo dogo elfu kumi na tano, ya kopo kubwa elfu thelathini, setilaiti ishirini na nane, mwanaanga kumi na nane, mdudu elfu tano, roketi ya maji saba. Chombo cha mbao ni arobaini, hicho bado sijanunua, najichanga. Unalipa keshi au kwa simu. Hapandishi kwa sababu ya sura yako, nilikuta Wazungu wawili pale wakalipa bei ile ile, japo kuna duka moja mjini linanunua kwake na kuuza mara tatu, kwaiyo nendeni kwake mwenyewe hela imfikie aliyegonga bati. Tena nadhani ni vizuri zaidi sisi wa hapa tukinunua. Watoto wetu wamezungukwa na twiga na tembo wa mbao kila kona ya huu mji, wote wanasubiri kuondoka na mgeni kwenye begi, na sio vibaya, ila vile vilitengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine. Hii roboti ilitengenezwa mtoto wa Mbauda akiwa amesimama mlangoni anauliza kwa nini ina masikio.

Nimalizie na ule mguu. Wiki ya pili mguu wa kushoto wa roboti ulikatika, mtoto aliidondosha kutoka dirishani. Nikajua ndo yale yale ya siku ya tano. Alilia kidogo tu, alafu akauokota, akauweka mfukoni, akasema Jumamosi tunaenda kwa fundi. Tukaenda. Mzee akampa bisibisi afungue mwenyewe mgongo, akamwambia shika hapa kwa plaizi usitikisike, yeye akachomelea, moshi ukapanda, wote wawili wamekunja uso namna moja. Alafu akakata kibati kidogo chekundu cha kopo la soda akakipiga ribiti juu ya ule mguu ukawa na kiraka. Elfu mbili. Akamuuliza mtoto, "hapa ilipatwa na nini?" na mtoto bila kufikiria akasema ilikuwa inaruka kutoka mwezi mmoja kwenda mwezi mwingine, ikakosea. Mzee akatikisa kichwa akasema ndio, hiyo inatokea.

Ukimpelekea makopo yako anakupunguzia, kopo kubwa safi lisilobonyea elfu mbili, dogo buku. Letu la kilo mbili na nusu limebaki na maziwa ya kama wiki moja, na huyu kijana ambaye nilikuwa namlazimisha kunywa uji kila asubuhi sasa hivi anaomba kikombe cha pili, alafu analitikisa kopo sikioni asikie limebaki kiasi gani.